Mlio Baina ya Filamu Mbili

Nyumba ile ilikuwa ya mzungu wa mkonge. Zamani, mashamba ya nje ya Mocímboa da Praia yalipokuwa bado yake, alijijengea chumba cha sinema ndani kwake, cha kuburudikia yeye na mkewe na wageni wao. Aliweka viti vya ngozi, akapaka ukuta mmoja chokaa nyeupe pe, na vipaza sauti vikubwa akavizamisha ukutani kama makabati. Uhuru ulipokuja akapanda ndege akaenda zake, akaviacha vyote. Nyumba ikataifishwa ikawa Nyumba ya Utamaduni, ukuta uliotenga chumba kile na sebule ukabomolewa, na pale palipokuwa pakikaa wageni wachache wakinywa mvinyo, sasa palijaa wafanyakazi wa bandarini, wanawake wa jumuiya, na watoto waliobanana sakafuni mpaka chini ya projekta.

Aliyeiendesha projekta ni Somoe, binti wa Bi. Kurwa. Ukoo wao ulitoka Mikindani enzi za babu, na riziki yao ilikuwa ni kuvusha vitu mto Ruvuma, kwenda na kurudi. Wakati wa vita vya ukombozi Somoe alipelekwa Lindi kwa shangazi yake akasoma huko, na aliporudi nchi ikiwa huru, wakubwa waliona anajua kusoma na haogopi umeme. Wakampeleka Pemba, ile ya bara, mji mkuu wa jimbo, kwenye mafunzo. Akarudi na cheti chake, mtaani wakambandika jina: Somoe wa Sinema.

Kazi aliipenda. Kilichomtia hofu ni kitu kimoja tu, kifundo cheusi kilichokuwa ubavuni mwa ile mashine.

Filamu zilizoletwa kutoka mji mkuu zilikuwa za namna mbili. Gazeti la sinema, lile la habari za nchi, sauti yake ilichorwa pembeni mwa utepe, na taa ndogo ndani ya mashine ndiyo iliyoisoma. Filamu za nchi rafiki, za matrekta na mavuno na vita vya wenzetu wa mbali, zilibandikwa sauti ya Kireno juu ya mstari wa kahawia, mstari wa sumaku kama wa kaseti. Mashine iliweza kusoma zote mbili, ila ulipotoka sauti ya taa kwenda sauti ya sumaku ilibidi uzungushe kile kifundo. Pemba walimfundisha apunguze sauti kwanza, azungushe, kisha apandishe taratibu. Alifanya hivyo hivyo na mambo yakaenda sawa muda mrefu.

Kisha ikaja masika moja nzito, chumvi na unyevu vikaingia kila mahali hata misumari ya dirishani ikashika kutu. Tangu hapo kifundo kikaanza ujeuri. Siku nyingine alikizungusha kikanyamaza kimya. Siku nyingine, sauti ikiwa imepunguzwa vilevile, vile vipaza sauti vya ukutani vilitoa mlio mmoja mkavu, paa!, ambao ulimgonga mtu kifuani kabla hajausikia masikioni. Mara ya kwanza watoto walipiga yowe kisha wakacheka. Somoe hakucheka. Alikwenda kwa mkurugenzi wake, Camarada Eduardo, yaani Ndugu Eduardo, mtu wa Inhambane kusini aliyeletwa kusimamia utamaduni wa wilaya, akamweleza.

"Mashine ni mali ya wananchi," Eduardo alisema. "Tutawaandikia Pemba. Wewe endelea kwa uangalifu."

Akamweleza tena, na tena. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na kutoka Pemba hakuja mtu.

Na ule haukuwa mwaka wa kuchezea milio. Habari za majambazi wenye silaha, ambazo zamani zilikuwa za kusini mbali, zilikuwa zimevuka mto Lúrio, mpaka wa kusini wa jimbo. Wavuvi waliofika kutoka Mucojo walisimulia lori lililochomwa moto kwenye barabara ya Macomia, na abiria waliokutwa porini. Nani aliona? Hakuna aliyeona, lakini kila mtu alikuwa na jamaa aliyeona. Mjini wanamgambo waliongezwa. Vijana waliopewa bunduki juzi walisimamishwa kwenye milango ya kila mahali palipokusanyika watu, na mmoja wao, kijana wa Kimakonde aliyeitwa Lázaro, alipangiwa mlango wa sinema.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya joto. Sinema ilioneshwa mchana, na ili kupata giza madirisha yalizibwa kwa mablanketi, hivyo ndani palikuwa kama tanuri. Gazeti la sinema likaisha. Somoe akavalisha utepe wa pili, filamu ya mavuno, akapunguza sauti hadi mwisho, akataja jina la Mungu kimoyomoyo, akazungusha kifundo.

Mlio wa siku ile haukuwa na mfano. Ulipasuka kutoka kuta zote mbili kwa pamoja. Mtu mmoja gizani akapiga kelele, "Wameingia!" Watu wote wakainuka kwa mkupuo. Mussagy, mzee aliyekuwa bawabu wa nyumba, alikuwa karibu na mlango, akafanya lililokuwa la busara: akaufungua ili watu watoke. Nje, Lázaro alikuwa amesikia mlio, amesikia mayowe, na sasa akaona mlango unafunguka kwa nguvu na kivuli cha mtu kinamjia. Akafyatua.

Risasi ilimpata Mussagy pajani. Risasi nyingine ililamba fremu ya mlango. Watu wakarudi ndani walikotoka, wakakanyagana, wakararua mablanketi madirishani wakarukia nje, na mwanga wa jua ukaingia ghafla ukafuta picha yote ukutani. Somoe alibaki nyuma ya mashine, mkono bado uko juu ya kifundo, filamu inaendelea kukimbia. Kiatu cha mtoto kilikuwa sakafuni. Mussagy alikuwa amekaa kizingitini, ameshika paja lake kwa mikono miwili, anauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Jamani, nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?"

Asubuhi yake wakaja kumchukua Somoe.

Hawakumshika mkono wala kumtukana. Wanaume wawili walisimama uani, mmoja akasema, "Dada, unaitwa na Camarada Mário." Bi. Kurwa alikuwa akipepeta mchele, ungo ukabaki hewani. Jina la Mário lilijulikana mji mzima. Alikuwa mkubwa wa usalama, mtu wa Gaza, jimbo la kusini, mpigania uhuru wa zamani, na Kiswahili chake alikiokota Tanzania, kambini Nachingwea. Waliokwenda kuitikia wito wake, wengine walirudi kwao jioni. Wengine walisikika baadaye kwamba wako Niassa, kambini porini, wanalimishwa.

Ofisi yake ilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lililofungwa. Mário alikuwa mwembamba, mvi zimemwanza mapema, shati limepigwa pasi. Alizungumza polepole kama mtu anayejaribu kutomwamsha mgonjwa.

"Kaa. Ulisoma wapi?"

"Lindi."

"Tanzania. Na mjomba wako, Mshamu, hupita kivuko cha Namoto mara kwa mara. Huvusha nini?"

Chini ya kitanda cha Somoe mwenyewe, saa ile ile, kulikuwa na marobota ya sabuni na kanga ambayo Mshamu alikuwa ameyaingiza bila kibali. Sabuni haikupatikana dukani kwa miezi mingi, na kila aliyenawa mjini alinawa kwa sabuni ya watu kama Mshamu. Lakini jina la biashara ile serikalini lilikuwa candonga, magendo, na candonga ilikuwa kosa la kupelekwa mbali.

"Ana jamaa ng'ambo," akasema. "Huenda kuwaona."

"Ule mlio ulikuwa ishara ya nani?"

"Si ishara, Camarada. Ni mashine. Kifundo kina hitilafu, kinalia ninapobadilisha sauti."

"Hitilafu." Mário aliligeuza neno lile mdomoni. "Ilianza lini?"

"Tangu masika. Nilimweleza mkurugenzi. Si mara moja."

Mário akamwashiria mtu mlangoni, na Eduardo akaingizwa. Alikuwa amevaa suti yake ya mikutano, na jasho limemchora mgongoni. Hakumtazama Somoe.

"Camarada mkurugenzi, uliambiwa kwamba mashine inalia?"

"Sikumbuki kuambiwa jambo kama hilo," Eduardo akasema.

"Camarada Eduardo!" Somoe alisimama bila kujua. "Pale mezani kwako! Ukasema utaandika Pemba!"

"Sikumbuki," Eduardo akarudia, anaangalia sakafu, na Somoe akafahamu kwamba yule naye ana hofu kama yake, labda zaidi. Ufahamu ule haukumsaidia kitu.

Mário akasubiri mpaka hatua za Eduardo zilipopotea nje. Kisha akasema, "Nitakupa nafasi. Kesho asubuhi mimi na wewe tutakwenda pale. Utafanya ulivyofanya jana. Kama mashine inalia yenyewe, italia na mbele yangu. Isipolia, utanieleza vizuri kilicholia ni nini, na nani aliyekutuma."

Somoe alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetoka homani. Miezi yote ile alikuwa akiomba kifundo kisilie. Sasa uhai wake ulikuwa umening'inia kwenye mlio ule ule, na kifundo kilikuwa hakiaminiki. Kililia kilipotaka.

Mshamu alikuwa anamngoja uani, marobota ameshayahamisha kusikojulikana. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, lakini siku ile uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Twende zetu," akasema. "Sasa hivi. Kuna gari la samaki linakwenda Palma, kutoka hapo nakufikisha Namoto. Wavushaji wote nawajua. Kesho asubuhi uko ng'ambo, Msimbati, unakunywa chai kwa watu wetu."

"Na mama?"

"Mama yako ni mtu mzima, watamfanya nini?"

Bi. Kurwa alikuwa amekaa kwenye mkeka anaendelea kuokota mawe kwenye mchele uliokwisha kuokotwa. Punje zilimponyoka vidoleni.

"Mjomba, nikivuka nitakuwa nimekiri," Somoe akasema. "Watasema kweli ilikuwa ishara. Watamchukua mama badala yangu. Na wewe, ukirudi tu hapo mtoni, wanakungoja."

"Na mashine isipolia je?"

Somoe akaingia ndani, akajilaza kwenye kitanda kilichokuwa sasa kitupu chini yake, akasikia Mshamu akizunguka uani, anazunguka na kuzunguka, mpaka mama akamwambia, "Kaka, kaa basi, unanitia kizunguzungu."

Kulipokucha Bi. Kurwa alimfunga Somoe kanga kwa mikono yake mwenyewe kama anavyofungwa mtoto, akamsomea, akampulizia kichwani. "Nenda, mwanangu. Mungu yupo." Lakini alipogeuka, Somoe aliona mama ameshafungasha kijifurushi cha nguo zake mwenyewe, kimewekwa mlangoni tayari.

Mário alikuwa ameshafika Nyumba ya Utamaduni. Walinzi wake wawili aliwaacha nje ya mlango. Mablanketi yalirudishwa madirishani, ukumbi ukawa giza. Damu ya Mussagy ilikuwa imesuguliwa kizingitini ikabaki doa la rangi ya chai. Mário akachukua kiti, akakiweka katikati ya ukumbi mtupu, chini ya kipaza sauti kimoja, akakaa ameipa mashine mgongo nusu.

"Fanya."

Somoe akawasha. Taa za amplifaya zikawaka nyekundu taratibu. Akapunguza sauti, akazungusha kifundo.

Kimya.

Akakirudisha, akazungusha tena. Kimya. Alisikia tu kifundo kikigota kidogo mahali pake, tik, kama ulimi wa mjusi. Akazungusha tena kwa haraka, kisha polepole, kisha akapandisha sauti, kitu alichofundishwa asikifanye kamwe, akazungusha. Kutoka ukutani kukatoka mvumo mwembamba tu wa umeme.

"Basi?" Mário akauliza bila kugeuka.

"Camarada, Jumapili ilikuwa baada ya gazeti la sinema. Ilikuwa imepata moto. Naomba nioneshe gazeti lote kwanza, kama siku ile." Sauti yake haikuwa yake. "Nakuomba."

"Onesha," Mário akasema.

Akavalisha utepe, ukamtoka mara mbili. Ukutani zikaja picha: kiwanda cha nguo, wanafunzi wanaimba, mkutano wa hadhara, wanajeshi wanapita wakipungiwa mikono. Somoe hakuona hata moja. Alikuwa anakitazama kifundo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyayo. Alisoma kila dua aliyoijua, na alipomaliza alizozijua akaanza kuzichanganya, na akasikia moyo wake unaiambia ile mashine, kama mtu anavyombembeleza mwana mkaidi, lia, tafadhali lia, leo tu lia.

Gazeti likaisha. Akavalisha filamu ya mavuno. Ngano ikajaa ukutani, ikiyumba kimya. Akapunguza sauti mpaka mwisho, kama siku zote. Akazungusha.

Paa!

Kwa nukta moja alihisi furaha, furaha kali. "Umesikia, Camarada! Umesi..."

Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Kimeanguka ubavu. Mário alikuwa chini sakafuni, amejikunja nyuma ya kiti kile kana kwamba kingeweza kuzuia kitu, mkono mmoja amefunika kichwa, mkono wa pili umeshika bastola. Bastola ilikuwa inamtazama Somoe.

"Inês!" Mário alikuwa anasema. "Inês, lala! Lala chini, usinyanyue kichwa! Inês!" Yalikuwa ni Kiswahili na Kireno na lugha nyingine ya kusini, vyote pamoja, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, kijana, inayokatika katika kwa kulia.

Somoe aliliona tundu la bastola, na nyuma yake aliyaona macho. Mwanga wa ngano ulicheza juu ya yale macho, nayo hayakumwona yeye. Yaliona kitu kilichokuwa mahali aliposimama yeye. Akafahamu kwamba akitikisika, akikohoa, akigusa tena kifundo, atakufa pale pale, na atakufa bila hata kukusudiwa.

Mlango ukafunguka kidogo. "Chefe?" mlinzi mmoja akamwita mkubwa wake. Mwanga ukaingia kama ubao sakafuni.

"Msiingie!" Somoe akasema. Hakujua alipata wapi ujasiri ule. "Ni mashine tu imelia. Camarada Mário anasema fungeni mlango, picha zinafutika."

Mlinzi akasita. Kisha mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili, na ngano, na mashine inanguruma. Somoe akaanza kusema kwa sauti ya chini, kama alivyomsikia mama yake akimsemesha ng'ombe aliyevunjika mguu. "Ni mashine, Camarada. Uko Mocímboa. Ni asubuhi. Ni mimi Somoe, wa sinema. Hakuna kitu. Imekwisha kulia, hailii tena." Alirudia maneno yale yale mpaka yakapoteza maana. Na polepole mno bastola ikashuka, ikagusa sakafu.

Mário akainuka. Akapangusa magoti ya suruali, goti moja kisha jingine. Akakisimamisha kiti. Alipomgeukia, uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wa mkubwa wa usalama, ila ulikuwa umelowa.

"Zima," akasema.

Akazima. Gizani alisikia pumzi zake zikipanda na kushuka.

"Nenda nyumbani."

Somoe alifika kwao akakaa kwenye kizingiti, hakuweza kuingia. Mama akamuuliza, "Imelia?" Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Mama akaangua kilio cha furaha, Mshamu akamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakachungulia. Hawakujua kwa nini yeye bado amekaa kizingitini. Walidhani hofu imekwisha. Ilikuwa imehama tu. Jana alikuwa mtu aliyeshukiwa kwa kitu asichokifanya. Leo alikuwa mtu aliyekiona kisichopaswa kuonekana, na mwenye siri ile alikuwa na uwezo wa kumpeleka popote bila mtu kuuliza.

Hakumwambia mama. Hakumwambia Mshamu. Siku zikapita, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba yao lilimfanya aache alichoshika. Alikwenda hospitali kumtazama Mussagy, akamkuta amelala, mguu umefungwa, anamtania muuguzi. Akamshika mkono akalia, Mussagy akasema, "Wewe unalia nini, aliyepigwa risasi si mimi?" Lázaro alikuwa ameondolewa mjini, amepelekwa kituo cha mbali. Ikasemwa kwamba hakuacha kuuliza kama yule mzee amekufa, na hakuna aliyemjibu. Eduardo akapita njiani siku moja, akavuka upande wa pili.

Kisha, alasiri moja, Mário akaja kwa miguu, peke yake, bila koti wala walinzi. Alipiga hodi kama mtu wa kawaida. Bi. Kurwa alipomwona akaangusha kikombe.

"Shikamoo, mama," Mário akasema.

"Marahaba," Bi. Kurwa akajibu.

"Naomba nizungumze na binti yako. Hapa hapa uani. Hatutakwenda mahali."

Wakakaa kwenye mabenchi mawili, mama amesimama mlangoni hasogei. Mário akatazama mikono yake.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Camarada."

"Mama yako?"

"Hata mama yangu."

Alimtazama kwa muda mrefu, na Somoe akalazimisha macho yake yasikimbie. Mwishowe Mário ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Ndege zilikuja mchana," akasema. "Kabla ya uhuru, upande ule wa Mueda. Tulikuwa tunavuka shamba la mihogo. Inês alisimama badala ya kulala." Akapangusa goti la suruali, kama siku ile. "Tangu hapo, ni kila kitu kinacholia ghafla. Mlango. Sufuria. Nimekaa ofisini dirisha limefungwa, unadhani kwa nini? Wakubwa wangejua wangeniondoa. Wangesema nimeharibika."

"Hujaharibika, Camarada."

"Usiseme usichokijua." Lakini hakusema kwa ukali. "Mwezi huu wanakuja wageni kutoka Pemba. Wanataka sinema. Nitakaa mbele nao, siwezi kukataa."

"Sitazungusha kifundo. Nitaonesha gazeti peke yake."

"Wameagiza zote mbili."

Kuku akapita baina yao. Somoe alisema wazo lilipomjia, kabla hofu haijamzuia. "Basi nitawasha taa kwanza. Nitawaambia watu wote kwamba sasa mashine inaweza kulia, wazibe masikio. Wote, na wageni. Mtu akiziba masikio pale, atakuwa mmoja wa wengi."

Mário alilifikiria lile neno. Akainuka, akamuaga mama kwa heshima, akatoka. Hakusema ndiyo wala hapana.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa hadi barazani. Mussagy alikuwepo na gongo lake, amekataa kubaki nyumbani. Eduardo alisoma hotuba. Gazeti la sinema likaoneshwa, wageni wakapiga makofi walipoona nchi yao inasonga mbele. Lilipoisha, Somoe akawasha taa, akasimama juu ya kiti.

"Ndugu na makamarada," akasema, "mashine yetu ni ya zamani. Sasa ninabadilisha sauti, na pengine italia kwa nguvu. Si bunduki. Hakuna mtu aliyeingia. Mlango umefunguliwa, na mlinzi ameambiwa. Tafadhali kila mtu azibe masikio yake."

Kulikuwa na kicheko, kisha watoto wakaziba, kisha kina mama, kisha wageni wa Pemba wakatazamana na wao wakainua vidole kwa aibu. Mwanamgambo mpya mlangoni alikuwa ameiweka bunduki yake ukutani, vidole viko masikioni. Safu ya mbele, Mário alikuwa wa kwanza kuziba. Hakuna aliyelitambua hilo isipokuwa mmoja.

Somoe akapunguza sauti, akazungusha.

Hakikulia.

Watu wakangoja, wamekunja nyuso, mabega yamepanda. Kisha mmoja akatoa kidole, mwingine akatoa, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, watoto wakaigiza mlio, "Paa! Paa!", wakaangushana sakafuni. Somoe akazima taa upesi, ngano ikajaa ukutani, muziki wake ukaanza.

Yeye hakuitazama filamu. Alitazama kisogo cha Mário kule mbele, chenye mvi, hakitikisiki baina ya vichwa vilivyokuwa bado vinacheka. Viwiko vyake vilikuwa vingali juu. Alikaa hivyo, ameziba masikio, matrekta yakipita na wakulima wakiimba, hadi Somoe alipoona mgeni aliyekaa naye anaanza kumgeukia. Hapo akapandisha muziki, juu kuliko alivyoruhusiwa, mpaka yule mgeni naye akacheka akaziba masikio yake, na safu nzima ya mbele ikafuata.